Usitupe makapi ya chungwa: namna ya kuwalisha bakteria wa utumboni kwa chakula cha Dar

Muuza machungwa wa Kariakoo humenya chungwa kwa uzi mmoja mrefu wa ganda, hulikata kati, na mnunuzi hufyonza maji na kutupa makapi kwenye ndoo iliyo chini ya mkokoteni. Kilichoingia mwilini ni maji, sukari na vitamini C, na vyote hivyo humalizika kwenye utumbo mwembamba. Kilichobaki ndooni ndicho kingeshuka hadi utumbo mpana, wanakoishi karibu bakteria wote wa mwili. Wataalamu wa lishe hapa nchini hukiita makapimlo, na wengi tunakijua kwa jina la nyuzinyuzi.

Mtu mzima ana bakteria takriban trilioni 38, ambao kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi. Ile hesabu ya kilo mbili inayosambazwa kwenye simu ni ya zamani, ilisahihishwa mwaka 2016. Bakteria hawa wana vimeng'enya ambavyo mwili wa binadamu hauna, kwa hiyo huweza kuchachusha nyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga. Katika kuchachusha huko hutengeneza asidi fupi za mafuta, na moja kati ya hizo, butireti, ndiyo nishati kuu ya chembe za ukuta wa utumbo mpana. Nyuzi zisiposhuka, kazi hiyo inapungua. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba bakteria walionyimwa nyuzi hugeukia ule ute unaotandaza ukuta wa utumbo, wakaula, na ute unapokuwa mwembamba vijidudu vya maradhi hupata njia rahisi ya kuufikia ukuta.

Ushahidi wa karibu zaidi tunao hapahapa Tanzania. Kwa Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, watafiti walionyesha mwaka 2017 kwamba aina fulani za bakteria hufifia msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, kufuatana na kinachopatikana porini. Na mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliozoea mlo wa asili wa ndizi, maharage, nafaka isiyokobolewa na mboga walipohamishiwa kwa wiki 2 kwenye mlo wa soseji, mkate mweupe na chipsi, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, yaani mwitiko wa mwili kama ule unaovimbisha kidonda, na kinga dhaifu zaidi. Waliofanya kinyume chake walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Wiki 2 tu. Ndiyo maana mwongozo huu hauhitaji chochote kisichouzwa sokoni.

Kwanza piga hesabu ya unachokula

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzi kwa siku. Chukua siku ya kawaida ya mjini: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana wali kwa kuku, jioni ugali wa sembe na dagaa, katikati soda. Ni vigumu siku hiyo kupita gramu 12, maana wali mweupe uliopikwa una chini ya nusu gramu kwa kila gramu 100.

Badilisha vitu vichache. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hivi. Unga wa dona una takriban gramu 7 kwa kila gramu 100, karibu mara mbili ya sembe au zaidi, kutegemea ulivyokobolewa. Kikombe cha mchicha au matembele yaliyopikwa kinaongeza kama gramu 3, chungwa moja likiliwa na nyama yake gramu 3, pera moja gramu 3 nyingine, na nusu parachichi hufika 6 au 7. Maharage na dona peke yake vimekwisha kukufikisha karibu na lengo.

Kununua dona kuna sharti moja. Kwa sababu ganda na kiini havijatolewa, dona ina mafuta na huharibika haraka kwenye joto na unyevu wa Dar. Nunua mahindi soko la Tandale, chagua, pepeta, saga ya wiki 2 au 3 tu, na uweke unga kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zitoe zote. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Ukionja unga ukaona uchungu, usiuhurumie.

Aina za nyuzi nazo zina maana, si wingi peke yake. Pektini ya chungwa na ubuyu, wanga sugu (usiosagika) wa maharage, inulini ya vitunguu, kila moja ina bakteria wake. Wiki moja zungusha maharage, kunde, choroko, mbaazi na dengu badala ya kula maharage siku saba. Ubuyu uwe wa unga mtupu uliokorogwa kwenye maji, kijiko kikubwa kimoja kwa glasi. Ule uliopakwa rangi na sukari ni pipi.

Maharage bila tumbo kujaa

Wengi huacha maharage kwa sababu ya gesi. Gesi yenyewe ni ishara kwamba bakteria wanakula, ila ukiwaletea sahani nzima siku ya kwanza baada ya miaka ya chipsi, utapata maumivu na utayachukia maharage bure. Sababu kubwa ni sukari mbili zilizomo kwenye maharage, rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Kuloweka hupunguza sehemu yake.

Nusu kilo ya maharage iloweke kwenye lita 2 za maji kwa saa 8 hadi 12. Kwa joto la Dar, maji ya kuloweka yanaanza kutoa povu na harufu yakipita hapo, kwa hiyo ukiloweka jioni badilisha maji kabla ya kulala, au weka bakuli kwenye friji. Asubuhi mwaga maji yote, suuza, weka maji mapya. Chemsha kwa moto mkali, maji yakitokota kwelikweli, kwa dakika 10 kamili, kisha ndipo upunguze moto na uache yaive taratibu. Dakika hizo 10 si za kuruka. Maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo lektini, na moto wa chini wa mkaa unaofifia unaweza kuyalainisha bila kuiua. Anayekula ya namna hiyo hutapika na kuharisha ndani ya saa chache, akadhani amekula uchafu. Nyanya, ukwaju na ndimu vitie mwishoni, kwa sababu uchachu hufanya maharage yakatae kuiva. Magadi huyalainisha upesi lakini huharibu vitamini B1. Ni afadhali kuloweka.

Wiki ya kwanza kula vijiko vikubwa 3 kwa siku, wiki ya pili robo tatu ya kikombe, wiki ya tatu kikombe. Choroko na dengu zilizokobolewa hutoa gesi kidogo kuliko maharage, kwa hiyo mwenye tumbo jepesi aanze nazo. Na kunywa maji. Nyuzi zisipopata maji choo huwa kigumu kuliko mwanzo, na katika jiji ambalo mtu anatoka jasho tangu saa 2 asubuhi, hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi.

Kuhusu kiporo

Siku hizi wali wa kiporo unasifiwa kwamba una wanga sugu, yaani wanga usiosagika ambao huwafikia bakteria. Ni kweli, lakini angalia kipimo. Wali ulipopimwa ukiwa wa moto ulikuwa na gramu 0.64 za wanga huo kwa kila gramu 100. Uliokaa saa 24 kwenye friji kisha ukapashwa ulikuwa na gramu 1.65. Faida ni gramu moja. Upande wa pili kuna bakteria aina ya basilasi, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, huota wali ukikaa kwenye joto la jikoni, na sumu yake haiharibiwi na kupasha. Wali uliolala juu ya meza usiku kucha, hasa wa nazi, haufai hata ukichemshwa upya. Kama unataka kiporo, utandaze kwenye sinia upoe, uingize friji ndani ya saa moja, na uumalize kesho yake. Umeme ukikatika usiku mzima, achana nao. Viazi vitamu na muhogo wa kuchemsha vina kanuni ileile.

Mtindi wa nyumbani

Hapa ndipo juhudi ndogo inalipa. Mtindi huleta bakteria hai, na wao wamekwisha kula sehemu ya laktosi, sukari ya maziwa, kwa hiyo hata mtu ambaye maziwa mabichi humsumbua tumbo mara nyingi huuvumilia.

Maziwa yachemshwe kwanza, lita 1, hadi yapande, kisha moto mdogo dakika 5 hadi 10 huku ukikoroga. Kuna wanaogandisha maziwa bila kuchemsha kwa imani kwamba uchachu unaua kila kitu. Vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa brusela vinaweza kuvumilia, na brusela humtesa mtu kwa homa na viungo miezi mingi. Lakini kuchemsha kunaua pia bakteria wazuri, kwa hiyo maziwa yaliyochemshwa ukayaacha yagande yenyewe yataoza badala ya kuganda. Ni lazima utie mbegu.

Mbegu ni mtindi wa dukani usio na sukari wala ladha, wenye maandishi kwamba bakteria wake ni hai. Acha maziwa yapoe hadi nyuzi joto 43 hivi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kidole kisafi: kivumilie hadi ukihesabu 10, lakini uone joto bado linauma kidogo. Chota kikombe cha maziwa hayo, koroga na vijiko vikubwa 2 vya mbegu mpaka yasiwe na vidonge, rudisha kwenye sufuria, koroga taratibu. Mimina kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, funga, na usiitikise wala kuichungulia. Saa 6 hadi 8 zinatosha. Weka friji saa 3 ushikane.

Ukikuta maziwa hayajaganda, ama mbegu ilikufa kwa kutiwa kwenye maziwa ya moto mno, ama maziwa yana mabaki ya antibiotiki kutoka kwa ng'ombe aliyekuwa anatibiwa. La pili linatokea, na likijirudia badilisha muuzaji. Maji ya manjano juu ni kwa sababu ya muda mrefu au joto kuzidi, hayana madhara, koroga ule. Ukivutika kama kamasi, joto lilikuwa chini. Doa la waridi, manyoya ya ukungu au harufu ya uozo: mwaga wote, usikwangue juu. Mbegu yako mwenyewe unaweza kuirudia mara 5 hivi, baada ya hapo nunua mpya, kwani bakteria wa mtaani huwa wamekwisha kuingia.

Togwa

Kwa asiyetumia maziwa, togwa ya Kusini, yaani uji uliochachushwa kwa kimea, haina mpinzani. pH yake (kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) ikishuka chini ya 4, vimelea vingi vya kuharisha hushindwa kuishi ndani yake, na utafiti uliofanywa hapa nchini miaka ya 1990 ulikuta vimelea hivyo vichache kwenye choo cha watoto waliokuwa wakinyweshwa uji uliochachushwa.

Kimea kwanza. Ulezi uoshwe, ulowekwe saa 12 hadi 24, umwagwe kwenye gunia safi lenye unyevu, unyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Ndani ya siku 2 au 3 utaona mizizi myeupe. Anika juani siku 2 hadi ukauke kabisa, saga. Mtama nao hutoa kimea kizuri, ila machipukizi yake yana kemikali inayozaa sumu ya sayanidi, kwa hiyo ukiutumia yasugue yatoke na uyapepete kabla ya kusaga. Ulezi hauna shida hiyo, na ndio tunaoushauri.

Pika uji kwa lita 2 za maji na gramu 200 za dona, dakika 20. Utakuwa mzito hata mwiko unakwama, usiogope. Upoze hadi vuguvugu, tia gramu 50 za unga wa kimea, koroga. Hapo utaona kitu cha kupendeza: ndani ya nusu saa uji mzito unalegea na kuwa wa kunywa, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea vinaukata wanga kuwa sukari. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto sana, vimeng'enya vinaungua na uji unabaki ulivyo. Ongeza nusu kikombe cha togwa ya zamani kama ipo, funika kwa kitambaa safi, acha saa 12 hadi 24.

Unga wa kimea ni mbichi na huja na vijidudu vyake, hivyo usinywe kabla haijawa chachu waziwazi. Ya mtoto mdogo ichemshe tena kabla ya kumpa. Baada ya siku 2 kwenye joto hamira inatawala na togwa inageuka pombe, mtoto asiinywe.

Dawa zinazofyeka shamba

Mtu akijisikia tumbo, hupita duka la dawa, anapewa Flagyl au vidonge vya rangi mbili, anameza siku 2, anaacha. Hiyo ndiyo tabia moja inayotutia wasiwasi kuliko chipsi zote za jiji hili. Antibiotiki haichagui adui. Huko Denmark wanaume 12 wenye afya walipewa antibiotiki kali kwa siku 4. Baada ya siku 180 wengi wao walikuwa bado hawajarudisha aina 9 za bakteria waliokuwa nazo mwanzo. Na kuacha dozi njiani huacha vijidudu sugu vikiwa na nafasi tupu ya kuzaana.

Antibiotiki aliyoandika daktari baada ya kipimo imeze yote kama ilivyoagizwa. Kuharisha kwa maji bila damu wala homa kali, hasa kwa mtoto, mara nyingi ni virusi, na antibiotiki haivigusi. Mtoto apewe ORS, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi na salama, kidogo kidogo kila baada ya choo, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 apewe miligramu 10. Aendelee kunyonya na kula.

Vidonge vya bakteria vinavyouzwa ghali baada ya dozi si vya lazima. Utafiti wa Israel wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliovimeza baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wenyewe kuliko walioachwa bila kitu. Rudi kwenye maharage, dona na mboga, taratibu.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga: maziwa yako yana sukari ambazo mtoto hawezi kuzisaga hata kidogo. Zipo kwa ajili ya bifidobakteria wa tumbo lake. Maji, maji ya glukosi na dawa za chango kabla ya miezi 6 huvuruga hilo na huleta vimelea.

Wakati wa kwenda hospitali

Ushauri wa chakula hapo juu ni wa mtu mzima mwenye afya. Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa inayoambatana na kuharisha, kuharisha kunakopita siku 14, au maumivu yanayokuamsha usiku, hayatibiwi kwa mtindi. Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, au asiyeweza kunywa, apelekwe saa hiyohiyo.

Ukiambiwa upeleke choo maabara, kiweke kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Choo chepesi kifike ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba hai hufa haraka na mpimaji hatawaona wakitembea. Na usianze Flagyl asubuhi kabla ya kupima mchana.